Methanoli ya nini kwenye jeli ya protini?

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila Julai mosi inapokaribia, wakuu wa maabara za vyuo na vituo vya utafiti huandaa orodha za manunuzi ya mwaka mpya wa fedha. Panapochunguzwa protini, mstari wa methanoli ni nadra kukosekana, na chini yake asidi ya asetiki isiyochanganywa na maji. Ukiuliza ni za nini, utaambiwa sehemu kubwa ni ya kutia rangi jeli na kuisafisha. Sisi tunasema kwa kazi hiyo methanoli haihitajiki. Ipo kwenye orodha ya mwaka huu kwa sababu ilikuwapo kwenye orodha ya mwaka jana.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii: protini za sampuli, ziwe za maziwa, za damu, za sumu ya nyoka au za mbegu za maharage, huchemshwa pamoja na sabuni iitwayo SDS, kisha husukumwa kwa umeme ndani ya kipande chembamba cha jeli ya akrilamaidi. Ndogo hukimbia mbele, kubwa hubaki nyuma. Umeme ukizimwa, jeli inakuwa angavu kama kioo na huoni kitu ila ule mstari wa buluu wa rangi ya kuongozea. Protini zenyewe hazionekani mpaka zitiwe rangi.

Kanuni iliyozoeleka ni kwamba lita moja ya rangi ina methanoli mililita 400 hadi 500, asidi ya asetiki mililita 100, unga wa rangi ya buluu uitwao Coomassie R-250 gramu 1, na maji ya kujazia. Jeli hulala humo saa nzima au zaidi, ikatoka nyeusi tii, kisha husafishwa kwa mchanganyiko wa namna hiyohiyo usio na rangi, ukibadilishwa mara tatu au nne hadi mistari ya protini ibaki peke yake. Tupige hesabu. Darasa la vitendo lenye jeli 10 ndogo, kila moja ikisafishwa kwa mililita 100 mara tatu, linatumia lita 3 za kisafishio. Kikiwa na methanoli asilimia 40, hizo ni lita 1.2 za methanoli na mililita 300 za asidi, na bado hatujahesabu rangi yenyewe. Vyote hivyo huishia kwenye dumu la taka, au, tuseme ukweli, kwenye sinki.

Methanoli si spiriti ya kidonda. Ini huigeuza kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, na hii ndiyo inayoua mshipa wa macho. Mililita 10 zikinywewa zinaweza kupofusha mtu, na 30 zinaweza kumuua. Kenya wanaijua vizuri: Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu Embu, Kitui na kwingineko. Maabara hakuna anayeinywa, lakini mvuke wake unavutwa, kioevu chake kinapita kwenye ngozi, kinashika moto kwenye nyuzi 11 tu za selsiasi, na mwali wake mchana hauonekani. Chumba cha darasa chenye beseni kumi zilizo wazi, feni ya darini na kabati la kufyonza mvuke lililoharibika tangu mwaka juzi si mahali pake.

Sasa, kwa nini iliwekwa? Alkoholi ina kazi tatu kwenye kanuni ile ya zamani. Inagandisha protini ndani ya jeli zisitoke. Inang'oa SDS. Na inaifanya rangi ya R-250 iyeyuke, maana kwenye maji matupu haiyeyuki vizuri. Kazi hizo zote zina njia nyingine, na mlango wenyewe ni herufi moja: badala ya R-250, chukua G-250.

Hapa tuchepuke kidogo, maana ndipo manunuzi yanapoharibika. Coomassie ni jina la Kumasi, mji mkuu wa Waasante, lilivyoandikwa na Waingereza walipouvamia mwaka 1874. Wenye viwanda wakalifanya jina la biashara la rangi za sufi. Mwaka 1963 Fazekas de St. Groth na wenzake huko Australia wakaonyesha kwamba rangi ya sufi inaweza kuonyesha protini pia, jambo lisilo la ajabu kwa kuwa sufi yenyewe ni protini. Herufi R inasimama kwa wekundu ulio ndani ya buluu yake, na G kwa ukijani. Molekuli za rangi hizi mbili zinatofautiana kwa vikundi viwili vya methili tu, lakini kwenye kopo tofauti hiyo ni kila kitu. Anayeagiza akiandika "Coomassie" peke yake, muuzaji ataleta aliyonayo. Andika namba ya fahirisi ya rangi: G-250 ni C.I. 42655, na R-250 ni C.I. 42660. Namba haibishaniwi.

Rangi ya maji, yaani G-250 isiyotiwa alkoholi, hutengenezwa hivi. Pima miligramu 70 za unga wa G-250 (kati ya 60 na 80 panafaa, kwa sababu unga wa makopo tofauti haulingani kwa ukali). Utie kwenye lita moja ya maji yaliyokenekwa na ukoroge kwa kikorogeo cha sumaku saa 2 hadi 4. Usiharakishe hatua hii. Unga ukishayeyuka wote, ndipo uongeze asidi ya haidrokloriki kali, ile ya asilimia 37, mililita 3, taratibu, ukiendelea kukoroga. Hapo asidi inakuwa milimola 35 hivi kwa lita. Ukiwa huna asidi kali, au hutaki wanafunzi waiguse, tumia ile ya mola 1 ya mazoezi ya kemia: yeyusha rangi kwenye maji mililita 965, kisha ongeza mililita 35 za asidi hiyo. Weka kwenye chupa ya kahawia au ifunge kwa karatasi ya foili, mbali na mwanga, katika joto la kawaida la chumba. Tikisa chupa kabla ya kutumia.

Mpangilio ni huo: rangi kwanza, asidi baadaye. Asidi ikitangulia, unga hushikana vidonge vidonge, na vidonge hivyo utavikuta juu ya jeli kama vitone vya wino. Vikitokea, pitisha rangi kwenye karatasi ya kuchujia. Kitakachopita kinaweza kutumika, ila kitakuwa hafifu.

Kutumia ni rahisi zaidi, na palipo na ugumu ni kwenye kuosha, siyo kwenye rangi. Toa jeli kwenye vioo, kata ile sehemu ya juu yenye vishimo vya kupakilia sampuli, kata na ncha ya kona moja ili ujue upande wa kushoto. Itie kwenye kontena la plastiki linalovumilia moto, la kimo kifupi, lenye nafasi ya jeli kuelea. Mimina maji yaliyokenekwa mililita 100. Pasha kwenye maikrowevu sekunde 30 hadi 60, hadi mvuke uanze kupanda lakini maji yasichemke. Tikisa dakika 5, mwaga. Rudia mara mbili tena kwa maji mapya. Mwisho wa mara ya tatu SDS iliyobaki ni kidogo. Sasa mimina rangi, mililita 50 zinatosha jeli ndogo, pasha sekunde 10 hadi 20 tu, kisha tikisa dakika 15 hadi 30. Protini nyingi zitaanza kuonekana ndani ya dakika chache, nawe unatazama. Mwaga rangi, suuza, weka maji mapya pamoja na kipande cha karatasi ya tishu kilichofungwa fundo pembeni. Tishu inavuta rangi iliyozidi na kugeuka buluu, maji yanabaki meupe. Badilisha tishu ikishiba. Jeli inaweza kulala kwenye maji usiku kucha, na asubuhi mistari itakuwa imara na usuli umeng'aa.

Maikrowevu iliyotumika hivi isirudi jikoni kupashia wali. Na kamwe, tunarudia, kamwe usipashe ndani yake rangi ya zamani yenye alkoholi. Mvuke wa alkoholi na cheche vikikutana ndani ya sanduku la chuma, matokeo yake hayahitaji maelezo. Pasipo na maikrowevu, au umeme ukikatika, chemsha maji kwenye birika juu ya jiko, yaache yapoe kidogo hadi nyuzi 70 au 80, uyamimine juu ya jeli. Pasipo na moto kabisa, osha mara tatu kwa dakika 15 kila mara, na rangi uiache saa kadhaa au usiku mzima. Kitakachopotea ni muda tu.

Glavu zivaliwe hata kama methanoli imeondoka. Akrilamaidi isiyoganda ni sumu ya mishipa ya fahamu na inapita kwenye ngozi, na kwenye jeli iliyoganda hubaki chembe zake. Asidi ya haidrokloriki kali inatoa moshi unaowasha, kwa hiyo ipimwe kwenye kabati la kufyonza mvuke au karibu na dirisha lililo wazi, na miwani ya kinga iwe machoni, siyo juu ya paji la uso.

Yanayoharibika ni haya, na mengi yana chanzo kimoja. Jeli yote ikiwa buluu na mistari haiachani na usuli, SDS haijatoka. Sabuni hii inashika rangi na pia inashika protini, hivyo inazuia kila upande. Dawa ni kurudisha jeli kwenye maji ya moto, kuiosha tena mara mbili, na kutia rangi upya. Jeli nene ya milimita 1.5, au yenye akrilamaidi asilimia 15, inataka kuoshwa mara nne au tano, kwa sababu maji huingia na kutoka ndani yake polepole. Mistari ikiwa hafifu kote, angalia kwanza kopo: ukikuta R imeandikwa, umepata jibu. Jeli ikiwa na mabaka, upande mmoja umeshika na mwingine haujashika, ililala chini ikagandamana na kontena; ongeza kioevu na uipindue. Ikipasuka au kukunjamana, maji yalichemka. Jeli laini ya asilimia 8 ndiyo inayochanika kirahisi, ishike kwa kuiinua pamoja na kontena lake, siyo kwa vidole. Alama za vidole za buluu ni protini za ngozi yako mwenyewe.

Kasoro ya kweli ya njia hii, ambayo wanaoipigia debe huwa hawaitaji, ni kwamba haina kigandishi. Maji ya moto hayazigandishi protini ndogo mahali pake. Zilizo chini ya kilodaltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 10 au 15 zinaweza kutoka na kuondoka na maji ya kuoshea, ukaona nafasi tupu ukadhani sampuli yako haikuwa nazo. Kama unachotafuta ni kidogo hivyo, tanguliza kugandisha: etanoli asilimia 40 na asidi ya asetiki asilimia 10 kwa nusu saa, halafu endelea na kuosha. Ni alkoholi, lakini ni mililita 20 za etanoli kwenye mililita 50 za mchanganyiko, na ni kwa jeli hiyo tu.

Maji nayo yana maneno. Ya bomba yanafaa kwa usafishaji wa mwisho katika miji mingi. Ya kisima cha pwani, yenye chumvi na chokaa, yasitengenezewe rangi: chumvi inashusha rangi chini ya chupa, na chokaa inaidhoofisha asidi. Maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanaweza kusaidia ikiwa mtambo wa kukeneka umeharibika, mradi usome lebo vizuri, maana kwenye rafu hiyohiyo kuna asidi ya betri, ambayo ni salfuriki na haihusiki hapa. Asidi inayouzwa kwa kusafishia mabwawa ya kuogelea au vigae pia iache. Ukali wake hauaminiki na mara nyingi ina chuma ndani.

Kabla ya kuiamini chupa mpya ya rangi, ipime kwa yai. Ute mweupe una protini karibu asilimia 10, yaani miligramu 100 kwa mililita. Punguza mara 100 kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 (kwenye maji matupu sehemu ya protini huganda na kufanya ukungu), changanya nusu kwa nusu na kioevu cha sampuli, kile chenye SDS, chemsha dakika 5. Ukipakia maikrolita 10 umepakia maikrogramu 5. Kutoka hapo punguza nusu, nusu ya nusu, hadi vishimo vinane au tisa. Ovalbumini itasimama kwenye kilodaltoni 45, ovotransferini juu yake karibu na 77, na laisozaimu chini kabisa, karibu na 14. Hiyo laisozaimu ndiyo mtihani wa kigandishi: ikififia kuliko ulivyozoea, uliosha mno. Kishimo cha mwisho ambacho ovalbumini bado inaonekana kinakwambia uwezo wa rangi yako, na yai moja halijawahi kufilisi idara. R-250 ya kawaida huishia nanogramu 50 hadi 100. G-250 iliyoandaliwa vizuri hushuka chini ya hapo.

Jambo lingine la kukumbuka kwenye usomaji: Coomassie hushika zaidi asidi amino za alkali, hasa arjinini, kisha laisini na histidini. Protini isiyo nazo nyingi, kama pepsini ya tumboni, huonekana maskini hata ikiwa nyingi. Basi usilinganishe weusi wa mistari ya protini mbili tofauti ukasema hii ni nyingi kuliko ile. Linganisha protini ileile kwenye vishimo tofauti.

Kuhusu fedha, kikopo cha gramu 5 za G-250 kwa miligramu 70 kwa lita kinatoa lita 71. Kwa mililita 50 kila jeli, ni jeli zaidi ya 1,400, hata ukimwaga rangi baada ya kuitumia mara moja. Asidi itakayotumika kwa lita hizo zote ni mililita 213, haifikii nusu ya chupa ya nusu lita. Kutumia rangi mara ya pili inawezekana kama jeli ilioshwa vizuri, lakini kwa bei hii hatuoni sababu ya kujitafutia matatizo.

Kuna kazi ambazo rangi ya maji haizifikii: protini kidogo sana, au jeli inayokwenda kukatwa vipande kwa uchambuzi wa mashine ya kupima masi. Hapo tunapendekeza rangi ya koloidi yenye aluminiamu salfeti. Kwa lita moja: yeyusha gramu 50 za aluminiamu salfeti yenye maji ya fuwele katika maji kama mililita 800, ongeza etanoli mililita 100, kisha G-250 gramu 0.2, koroga hadi iyeyuke, na mwisho kabisa asidi ya fosforiki ya asilimia 85, mililita 23.5. Jazia maji hadi lita. Asidi ikiingia, rangi inajikusanya kuwa chembe ndogo zinazoelea, na chupa huonekana kama ina mashapo yanayong'aa. Usiichuje! Chembe hizo ndizo ghala: ni kubwa mno kuingia ndani ya jeli, zinabaki nje zikiachia rangi kidogo kidogo, na kidogo hicho kinakwenda moja kwa moja kwenye protini. Ndiyo maana usuli wake hubaki msafi. Osha jeli kwa maji mara tatu kwa dakika 10, itie rangi saa 2 hadi usiku mzima, isafishe kwa etanoli asilimia 10 na asidi ya fosforiki asilimia 2 kwa dakika 10 hadi saa moja, malizia kwa maji. Inaweza kuonyesha nanogramu chache.

Aluminiamu salfeti ni dawa ileile ambayo mamlaka za maji hutumia kutuliza tope la mto, ila ya mitambo ya maji ina uchafu. Nunua ya maabara, nayo ni rahisi. Shabu ya dukani si kitu kilekile. Ile kwa kawaida ina potasiamu, na potasiamu ikikutana na SDS hufanya unga mweupe.

Unga huo mweupe, kwa njia, una faida yake. Ukitaka kuona tu protini ziko wapi ili ukate kipande na kuzitoa zikiwa bila rangi, suuza jeli kwa maji sekunde chache, itumbukize kwenye potasiamu kloridi ya mola 0.25 iliyopoa kwenye friji (gramu 18.6 kwa lita), na ishikilie juu ya karatasi nyeusi. Baada ya dakika kama 5 SDS iliyoshikana na protini huganda na mistari huonekana myeupe. Ni chumvi tu. Uwezo wake ni mdogo, lakini kwa protini nyingi hakuna njia rahisi kuliko hiyo.

Wapo walio na kopo kubwa la R-250 stoo na hawawezi kulitupa. Wasilitupe. Methanoli ibadilishwe kwa etanoli: R-250 asilimia 0.1, etanoli asilimia 40, asidi ya asetiki asilimia 10. Kusafisha, etanoli asilimia 10 pamoja na asidi ya asetiki asilimia 7.5. Angalizo: etanoli inasafisha haraka kuliko methanoli, hivyo usiisahau jeli humo ukaenda chakula cha mchana, utakuta hata mistari imeondoka. Siki nyeupe ya asilimia 5, ile isiyo na rangi wala viungo, inaweza kushika nafasi ya asidi kwenye usafishaji, na pia ni nzuri kwa kuyeyushia Ponceau S, rangi nyekundu ya kupaka kwenye utando uliohamishiwa protini kutoka kwenye jeli. Spiriti ya zambarau ya dukani haifai, kwa sababu ina rangi yake yenyewe na wakati mwingine methanoli ileile tunayoikimbia. Vitakasa mikono navyo vina vitu vya kuvifanya vizito, vinavyoacha utelezi juu ya jeli. Kisafishio kilichotumika si lazima kimwagwe: kipitishe kwenye mkaa ulioamilishwa, rangi inabaki kwenye mkaa, nacho kinarudi kazini.

Manjano imesemwa sana, na si uzushi. Ikichemshwa kwenye maji dakika 10, kurkumini yake huyeyuka kiasi cha kutosha kushika protini, na jeli ikiwekwa chini ya taa ya urujuanimno mistari hung'aa. Kwa darasa la sekondari ni onyesho zuri. Kwa kipimo cha kutegemewa, hapana: manjano ya gunia hili si sawa na ya gunia lile, na taa yenyewe inadhuru macho na ngozi isipokingwa. Nitrati ya fedha, ambayo wengine huikimbilia wakitaka kuona zaidi, ni ghali, inataka maji safi sana, na kanuni zake nyingi hutumia fomaldehaidi, ambayo inajulikana kusababisha saratani. Jaribuni koloidi kwanza.

Taka za rangi ya maji ni asidi kali ingawa haina alkoholi, kwa hiyo isimwagwe hivihivi. Gramu 3 za bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia maandazi, zinatosha kuituliza lita moja; tia kidogo kidogo maana itatoa povu. Tumbukiza tishu zilizotumika au mkaa zivute rangi, kisha zitupwe kama taka ngumu. Rangi ya koloidi ina fosfeti na aluminiamu. Ikusanyeni kwenye dumu lake, lenye lebo, iende na taka za kemikali. Walioko Mwanza, Kisumu au Entebbe hawahitaji kuelezwa fosfeti inalisha nini ziwani.

Kwa maafisa manunuzi, mstari wa mwaka huu unaweza kuandikwa hivi: Coomassie G-250, C.I. 42655, gramu 5, kopo moja. Asidi ya haidrokloriki asilimia 37, mililita 500, chupa moja. Kontena za plastiki zenye vifuniko, 10. Karatasi ya tishu isiyo na manukato, boksi mbili. Methanoli kwa ajili ya kutia rangi jeli: sifuri.

Wasomaji wenu,
Mafundi sanifu wa maabara,
Morogoro